Nani Alilipa Deni la Shujaa?

Katika miaka yangu ya kufundisha chuo cha ualimu nilikuwa na somo moja nililolipenda kupita yote, nami nililirudia kila mwaka bila kulibadilisha. Lilikuwa somo la kulinganisha mashujaa wa hadithi za kale. Upande mmoja wa ubao niliandika Wayunani, upande wa pili Wachina, na katikati nikachora mstari. Mwisho wa kipindi mstari ule ulikuwa umewatenganisha watu wawili: Odysseus, mfalme wa kisiwa cha Ithaka, aliyehangaika miaka kumi apate kufika nyumbani kwake, na Yu, mchimbaji wa mito, aliyepita mbele ya mlango wa nyumba yake mara tatu asiingie. Ndipo nilipowauliza wanachuo: yupi kati ya hawa wawili afaa kuwa mwalimu? Jibu nililolitaka lilikuwa Yu. Na wanachuo, ambao siku zote hujua mwalimu anataka nini, walinipa Yu.

Sasa nimestaafu na ninakaa kwetu Isingiro. Vitabu vile nimevisoma tena bila kengele ya kunikatiza, na naona somo langu lilikuwa na kosa. Halikuwa kosa la kusahau majina au kuchanganya habari, maana hayo mtu husahihisha kwa kalamu nyekundu yakaisha. Lilikuwa kosa la hukumu. Nilimpa mtu mmoja alama zote na mwingine nikamnyima, bila kuuliza gharama ya ushujaa wao ilibebwa na nani.

Nianze na njia yenyewe ya kulinganisha, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu hupotelea. Wapo wanaolinganisha mashujaa kama watoto wanavyolinganisha makovu. Achilles wa Wayunani hakuweza kuuawa ila kwa kuchomwa kisiginoni. Fumo Liyongo wa pwani yetu hakuweza kuuawa ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Basi mtu hukimbilia kusema kwamba hadithi ya kwanza ndiyo iliyozaa ya pili. Nami nilipata kusema hivyo mbele ya darasa. Lakini Homer, aliyemwimba Achilles, hataji kabisa habari ya kisigino. Habari ya mtoto kuchovywa katika mto Styx tunaipata kwa Statius, mshairi wa Kirumi wa karne ya kwanza baada ya Kristo, mamia ya miaka baada ya Homer. Zaidi ya hayo, kovu halisemi lolote. Katika utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913, jambo la kutisha ni mkono ulioishika sindano, wala si mahali sindano ilipopita. Mkono ule ulikuwa wa mwana wa Liyongo mwenyewe, aliyedanganywa na mfalme kwa ahadi ya kuozwa binti yake. Achilles aliuawa na adui vitani. Majeraha yanafanana, lakini misiba yao ni ya namna mbili kabisa.

Basi kipimo changu cha leo ni kingine. Kwa kila shujaa nauliza: alipofanya lile kubwa alilolifanya, nani alilipa?

Inafaa niseme jinsi hadithi hizi zilivyotufikia, maana njia ya kuja kwake ndiyo iliyonipa miwani niliyozisomea. Mashujaa wa Kiyunani walitujia mikononi mwa Waingereza. Katika shule nilizosoma palikuwa na kitabu cha Charles Kingsley, kasisi wa Kiingereza aliyekiandikia watoto wake mwaka 1856, chenye habari za Perseus, Jason na Theseus. Wote ni vijana wazuri, wasafi, wanaokwenda kuua majoka. Wachina walitujia baadaye, wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975, kwa vitabu vyepesi vya bei rahisi na kwa matangazo ya Kiswahili ya Redio Peking. Humo nilimkuta kwanza yule mzee mpumbavu aliyetaka kuihamisha milima miwili kwa jembe na kikapu, ambaye Mao Zedong alimfanya maarufu kwa hotuba yake ya mwaka 1945. Katika hadithi ya kale, Mungu wa mbinguni alihurumia bidii ya mzee akawatuma majitu wawili wakaibeba milima. Mao akasema Mungu huyo ni umma wenyewe. Sisi vijana wa siku za Azimio la Arusha tulilipenda jambo hili mno. Kwa hiyo nilipokutana na Yu, nilikwisha kufundishwa kwamba shujaa wa Kichina ni mtu wa jembe na shujaa wa Kiyunani ni mtu wa upanga. Kumbe mambo si mepesi hivyo.

Mtazame Herakles. Huyu naye, kama Yu, alipata kushindana na mito. Aliamriwa asafishe mazizi ya Augeas, mfalme wa Elis, yaliyojaa samadi ya miaka mingi. Akapasua ukuta, akaielekeza mito miwili, Alpheios na Peneios, ikapita zizini, na siku ile ile kazi ikaisha. Yu alifanya kazi ya mito miaka 13, kwa hesabu ya mwanahistoria Sima Qian. Sisi tunaokaa karibu na Mto Kagera twajua ni hesabu ipi kati ya hizo mbili iliyoandikwa na mtu aliyewahi kuyaona maji yakipanda. Lakini isimulie habari ya Augeas mpaka mwisho. Herakles alikuwa ameomba ujira, sehemu moja ya kumi ya ng'ombe. Augeas alipotambua kwamba mtu huyu ametumwa na Eurystheus, akakataa kulipa. Naye Eurystheus akakataa kuihesabu kazi ile miongoni mwa kazi alizompa, kwa sababu, alisema, imefanywa kwa ujira. Ujira hakupata, na kazi haikuhesabiwa. Mwalimu yeyote aliyepata kudai malimbikizo ya mshahara atamwonea Herakles huruma hapa kuliko alipopigana na simba.

Na kwa nini alikuwa mtumwa wa Eurystheus? Vitabu vya shule huanza na zile kazi 12 na kuruka sababu yake. Sababu, kama anavyoieleza Apollodorus, ni kwamba Herakles aliingiwa na wazimu akawatupa watoto wake motoni, na kazi zile zilikuwa malipo ya damu hiyo. Euripides, katika mchezo wake wa kuigiza, ameupindua mpangilio huu: Herakles amekwisha kumaliza kazi, anarudi nyumbani kwa ushindi, anawaokoa mkewe na watoto mikononi mwa mtu aliyetaka kuwaua, kisha wazimu unamshika naye anawaua kwa mikono yake. Mabadiliko haya si madogo. Kwa Apollodorus, ushujaa ni njia ya kulipa deni. Kwa Euripides, shujaa anakuja kulipisha nyumba yake mwenyewe. Anayedhani Wayunani waliamini kwamba kurudi nyumbani ni jambo jema tu na amsome Euripides, au amkumbuke Agamemnon, aliyerudi kutoka Troy akauawa na mkewe siku ile ile aliyofika.

Sasa nije kwa Odysseus. Miaka yote nilimtendea vibaya. Niliwaambia wanachuo kwamba ni mtu wa kujipenda, mjanja, mwongo, anayetaka mkewe na kitanda chake. Nilisahau kwamba mungu mke Calypso, aliyemweka kisiwani kwake miaka saba, alimwahidi asife wala asizeeke iwapo atakaa naye, na Odysseus akachagua kurudi kwa mwanamke anayezeeka, katika kisiwa chenye mawe kisichofaa hata kwa farasi. Mimi sioni katika hadithi za taifa lolote heshima kubwa kuliko hiyo aliyopewa mke wa mtu.

Hata hivyo, Homer hamfichi mtu wake. Odysseus aliondoka na merikebu 12 zilizojaa watu, akarudi peke yake. Alipofika aliwaua vijana waliokuwa wakimchumbia mkewe, zaidi ya mia moja, wakiwa karamuni. Na baada ya hao wajakazi 12 wakanyongwa kwa kamba moja ya merikebu kwa kosa la kulala na vijana wale. Katika kitabu cha mwisho anasimama mzee Eupeithes, baba wa mmoja wa waliouawa, mbele ya baraza la watu. Shitaka lake ni fupi: mtu huyu aliwachukua watu wetu na merikebu akawapoteza, na sasa amerudi kuwaua waliobaki. Mzee huyu anauawa muda mfupi baadaye, na miungu inaamuru amani. Lakini hoja yake juu ya watu waliopotezwa haikujibiwa na yeyote. Homer aliiacha pale, kama ushahidi uliopokelewa mahakamani. Niliusoma ukurasa ule mara nyingi nikiwa mwalimu na sikuona kitu; niliuona nilipokuwa mzee mwenye watoto wakubwa. Nyumba ya Odysseus ilirudishiwa mwenyewe, na gharama yake ililipwa na nyumba nyingine zote za Ithaka.

Yu ni kinyume chake. Kwake yeye nyumba zote zilipona, na nyumba moja ikalipa.

Baba yake, Gun, ndiye aliyepewa kwanza kazi ya kuzuia gharika. Akajenga kuta za udongo miaka tisa, maji yakapanda juu ya kuta, naye akauawa kwa kushindwa kwake. Kazi ikapewa mwanawe. Yu hakujenga kuta; alichimba mifereji, akayapa maji njia ya kwenda baharini. Hapo tu tayari kuna somo zima la uongozi, na sitalifundisha leo. Kitabu cha Nyaraka, ambacho ni miongoni mwa vitabu vya kale sana vya Wachina, kinamfanya Yu mwenyewe aseme kwamba alioa huko Tushan, akakaa na mkewe siku nne, akaondoka. Na mwanawe Qi alipokuwa akilia, hakupata nafasi ya kumlea, kwa kuwa alikuwa akifikiria kazi ya ardhi. Mencius anaongeza ile habari mashuhuri ya mlango: mara tatu aliupita na hakuingia.

Mwaka mmoja, nilipokuwa nimefika hapa, mwanachuo wa kike aliyeketi nyuma alinyoosha mkono.

“Mwalimu,” akauliza, “wakati ule wote, mke wa Yu alikuwa akila nini?”

Darasa likacheka. Mimi nami nikacheka, nikasema hilo si swali la fasihi, akae. Akakaa. Katika kipindi kile hakuuliza tena, na sikumbuki kwamba aliuliza katika kipindi kingine chochote.

Lilikuwa swali la fasihi, tena lilikuwa swali lenyewe hasa. Ningalimsoma Mencius kwa makini ningalitambua kwamba yeye pia alikuwa na wasiwasi nalo. Mahali pengine katika kitabu chake analirudia jambo la mlango, na safari hii anamweka pembeni ya Yu mtu wa pili, Yan Hui, mwanafunzi maskini wa Confucius, aliyekaa kichochoroni na chakula cha kikapu kimoja na maji ya kibuyu, akiridhika. Confucius aliwasifu wote wawili. Inakuwaje asifiwe aliyepita mlango, asifiwe na aliyekaa ndani? Mencius anajibu kwamba wangebadilishana mahali, kila mmoja angefanya alivyofanya mwenzake. Yu aliona kila anayezama duniani kama mtu aliyezamishwa na yeye mwenyewe. Kisha anatoa mfano: wakipigana watu wa nyumba yako, utakimbia kuwaamua hata nywele zikiwa timutimu, wakipigana watu wa mtaani, kukimbia hivyo ni kuchanganyikiwa, na hata ukifunga mlango wako huna lawama.

Maana yake ni hii: sifa ya Yu ina sharti. Aliupita mlango kwa sababu palikuwa na gharika. Ondoa gharika, na mtu anayeupita mlango wa nyumba yake mara tatu bila kuingia ni mtu asiyeingia nyumbani kwake, basi. Mencius alilijua sharti hili, nami nililiacha. Niliwafundisha vijana kuupita mlango, sikuwafundisha kutazama kwanza kama maji yamepanda.

Kuna na zaidi. Sima Qian, Mencius na wenzao walikuwa wasomi waliotaka wafalme wa kale wawe mifano ya kuigwa, na hadithi walizozipokea walizipangusa vumbi na damu kabla ya kuziandika, kama Kingsley alivyofanya kwa watoto wake. Lakini vumbi halikwisha lote. Mwaka 110 kabla ya Kristo, Mfalme Wu wa nasaba ya Han alifika Mlima Song, akaona jiwe lililoitwa mama wa Qi. Yan Shigu, msomi wa karne ya saba, alipoieleza habari hiyo akaihifadhi hadithi ya jiwe lenyewe. Yu alikuwa akipasua njia ya maji mlimani. Alimwambia mkewe: ukisikia ngoma, niletee chakula. Ili aweze kuupasua mlima, Yu alijigeuza dubu. Alipokuwa akichimba, mawe yaliruka yakaipiga ngoma kwa bahati mbaya. Mke akaja na chakula, akaona dubu badala ya mumewe, akaingiwa na aibu akakimbia mpaka chini ya Mlima Song, akageuka jiwe. Alikuwa na mimba. Yu akamfuata, akapiga kelele: nirudishie mwanangu! Jiwe likapasuka upande wa kaskazini, akazaliwa Qi.

Nilipoisoma hadithi hii, nikiwa nimekwisha kustaafu, nilifunga kitabu nikatoka nje. Mwanachuo wangu alikuwa ameuliza mke wa Yu alikuwa akila nini. Hadithi iliyoachwa nje ya vitabu vya mashujaa inalijibu swali lake kwa kuligeuza: yeye ndiye aliyekuwa akimlisha Yu. Kwamba mume wake amekuwa mnyama kwa sababu ya kazi, hakuna aliyemweleza, akapaona mwenyewe. Na neno la mwisho alilolisikia kwa mume yule, ambaye alikuwa na machozi kwa kila aliyezama duniani, ni la kudai mtoto. Sijui kwa Wayunani ukurasa mkali kuliko huu. Tena hakuutunga adui wa Yu. Wachina wale wale waliomwabudu ndio waliousimulia, na jiwe wakalitunza.

Hapa msomaji wa kwetu ataniuliza: je, sisi? Mwaka 1970 Ruth Finnegan aliandika kwamba tendi za mashujaa si jambo la kawaida katika Afrika. Na mwaka 1983 Profesa M. M. Mulokozi alimjibu kwa kuwaleta mbele ya wasomi waimbaji wa enanga wa huku kwetu Kagera, wanaosimulia habari za mashujaa kwa saa nyingi huku wakipiga nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao. Ubishi ule umekwisha na sina la kuongeza. Mimi nataka tu kuiweka hadithi moja ya Wachwezi kwenye mizani ile ile, ya Wamara, jinsi nilivyoisikia utotoni jikoni, maana wasimuliaji wanatofautiana.

Wamara, wa mwisho katika watawala wa Wachwezi, alishuka kuzimu na wenzake, Irungu mwenye pori, Mugasha mwenye ziwa na Kagoro mwenye radi, mpaka kwa Kintu, mfalme wa huko. (Msomaji asiharakishe kumfananisha na Kintu wa Buganda.) Kintu aliwakaribisha, akawapa ng'ombe na mbegu na vitu vingine vyema vya kupanda navyo duniani, akasema neno moja: usisahau. Wamara akaahidi kurudisha shukrani. Akarudi, nchi ikastawi, ng'ombe wakazaana, watu wakamsifu, naye akasahau. Ndipo Kintu alipomtuma mdai, na jina la mdai huyo ni Rufu, yaani Kifo. Ng'ombe mpendwa wa Wamara, Bihogo, akafa, na Wamara akajitupa majini, na wenzake wakamfuata.

Hakuna joka katika hadithi hii, wala mji uliozingirwa. Nilipokuwa kijana niliiona nyonge, hadithi ya wafugaji na madeni, nikaona aibu kuiandika ubaoni kando ya Troy. Leo naona kwamba lile ambalo Homer amelificha katika mdomo wa mzee mmoja katika kitabu cha mwisho, na ambalo Wachina wamelificha ndani ya jiwe, wazee wetu wamelifanya kuwa hadithi yenyewe. Wamara hakushindwa vita. Alipewa, akastawi, akasifiwa kwa mali ya mwingine, na hakukumbuka imetoka wapi. Udhaifu wa hadithi yetu ni kwamba mdai ni mfalme mwenzake, mwenye nguvu za kutuma mjumbe. Njunaki, mwanamke mtumishi aliyemzalia Wamara mtoto Ruhinda, hana wa kumtuma. Ruhinda akawa chanzo cha ukoo uliotawala Karagwe mpaka siku za Rumanyika, aliyewapokea Speke na Grant mwaka 1861, na kuendelea. Kama Qi alivyokuwa chanzo cha nasaba ya Xia. Nchi mbili zisizojuana, na kila moja ukoo wa wafalme wake umeanza kwa mwanamke ambaye hadithi ilikuwa na haraka ya kumpita.

Nimefika mahali ambapo ningependa kunyamaza, lakini itakuwa udanganyifu, kwa sababu hukumu yangu ya kwanza juu ya Yu haikutoka vitabuni tu.

Mke wangu alikaa hapa Isingiro, kwenye kibanja chetu, karibu miaka yote niliyofundisha mikoa mingine. Yeye ndiye aliyepalilia migomba na kuanika kahawa. Ada za watoto zilitoka katika kahawa ile mara nyingi kuliko katika mshahara wangu. Mwaka mmoja nilitumwa kuwakagua wanachuo waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha, huku huku Karagwe. Nililala Omurushaka siku tatu. Wenyeji wanajua kwamba pale ndipo njia panda ya kuja kwetu. Siku zile Kyerwa ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Karagwe, na kwa lori la asubuhi ningefika nyumbani mchana. Mtoto wetu wa tatu alikuwa amezaliwa wiki mbili kabla. Sikwenda. Fomu za alama zilikuwa hazijajazwa. Muhula uliofuata nilisimama mbele ya darasa nikafundisha mlango wa Yu kwa sauti ya mtu anayejua anachosema, na wanachuo wawili watatu waliandika neno kwa neno.

Hapakuwa na gharika. Palikuwa na fomu.

Juzi nilimsomea mke wangu hadithi ya jiwe, nikiitafsiri kwa Kinyambo kadiri nilivyoweza. Alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho, akaniuliza kama Yu alimchukua mtoto. Nikamwambia alimchukua.

“Na kile chakula alichokuwa amembebea?”

Nikatazama tena ukurasa. Nikamwambia hawakukiandika.

“Hawakukiandika,” akasema, akaendelea kutoa mawe.